"Mbona Yuko Sawa Tu?" Vidokezo 9 kwa Mzazi wa Mtoto Mwenye Mahitaji Yasiyoonekana

Mtoto ana afya njema, anakimbia kuliko wenzake wote mtaani. Halafu mgeni anaingia, anasubiri shikamoo, shikamoo haiji. Daladala inapiga honi, mtoto anaziba masikio na kujitupa chini. Hapo ndipo wanapoanza: "Mbona yuko sawa tu? Huyu kadekezwa."

Kama unalea mtoto mwenye usonji, ADHD, disleksia au kifafa kisichomwangusha, maneno hayo umeshayasikia kwa jirani, kwa wifi, na pengine kwa fundi cherehani pia. Kiti cha magurudumu watu wanakiona. Ubongo unaopokea kelele zote za kituo cha basi kwa mpigo hauonekani, kwa hiyo wanaona utundu. Basi twende kazi! Hapa chini hatumbadilishi mtoto, tunairahisisha siku. Chukua viwili au vitatu vinavyokufaa, anza kesho asubuhi.

1. Shikamoo ina njia nyingi

Hiki tunakiweka mbele makusudi, kwa sababu kwetu salamu ndiyo cheti cha malezi. Mtoto asiposalimia, anayehukumiwa ni mama. Lakini mtoto mwenye usonji anaweza kumpenda babu yake kupita kiasi na bado neno likagoma kutoka, hasa akizungukwa na watu wazima sita wanaomtazama mdomoni. Kumwangalia mtu machoni nako kunamchosha. Kwa hiyo usimshike kidevu, usimwambie "sema tena kwa sauti" mbele ya wageni. Mchagulieni salamu yake: kutoa mkono, kuinamisha kichwa aguswe utosini, au kugonga kiganja kwa kiganja. Ifanyeni mchezo jioni: leo wewe ndiye bibi, kesho yeye ndiye bibi.

Kisha mtangulie mgeni kwa simu. "Mama, shikamoo. Tunakuja Jumapili. Mjukuu wako atakupa mkono, hiyo ndiyo shikamoo yake, naomba uitikie marahaba." Hilo la mwisho usilisahau. Bibi akiitikia marahaba kwa sauti mbele ya ukoo mzima, mjadala umefungwa. Nani atabishana na bibi?

2. Weka sentensi moja mfukoni

Mtoto amelipuka katikati ya soko, watu wamesimama kuangalia, na kila mmoja ana ushauri. Huo si wakati wa kutoa semina. Andaa sentensi moja fupi, uizoee mpaka itoke yenyewe: "Ana usonji, kelele zimemzidi, tupeni nafasi kidogo, atatulia. Ahsanteni." Basi. Rudi kwa mtoto. Punguza maneno, mshushe sehemu yenye kivuli na watu wachache, kaa naye chini bila kumuuliza maswali. Maswali huongeza mzigo kichwani wakati kichwa kimeshajaa. Ukiona mtu anachukua video, mwombe kwa upole aweke simu, na geuza mgongo wako uwe pazia kati yake na mwanao.

Mnaosafiri kwenda Ulaya, kuna kamba ya shingoni yenye maua ya alizeti, iliyoanzia uwanja wa ndege wa Gatwick, Uingereza, mwaka 2016. Wafanyakazi wakiiona wanajua huyu ana ulemavu usioonekana, wanampa muda. Ulizia kabla ya kuondoka, maana viwanja vingine pia vinayo.

3. Mkasi, soksi na mtumba

Asubuhi ya vita vya sare! Kabla ya kusema ni mkaidi, pitisha kidole ndani ya kola. Kuna kile kilebo kigumu chenye ncha? Kwa ngozi yake kinachoma siku nzima. Fumua mshono wake taratibu kwa mkasi mdogo, usikikate juujuu, maana kipande kinachobaki ndicho kinachochoma zaidi. Soksi zigeuze ndani nje, ule mshono wa vidoleni ukae upande wa kiatu. Sare mpya ifue mara kadhaa kabla ya siku ya kufungua shule ili ilainike. Na nguo za nyumbani? Mtumba, ndugu yangu! Zimeshafuliwa na wenzetu huko zilikotoka mpaka zimekuwa laini, na mfuko wako utashukuru.

4. Agizo moja, kisha jingine

Jisikilize leo: "Nenda chumbani kachukue daftari, ukipita jikoni mwambie dada azime jiko, halafu uvae viatu haraka tunachelewa." Hayo ni maagizo manne kwa pumzi moja. Mtoto mwenye ADHD atafika chumbani na atakuta mpira. Mwite jina, mguse bega, toa agizo moja. Akimaliza, la pili. Tumia mpangilio wa *kwanza–kisha*: "Kwanza viatu, kisha katuni." Unafupisha maneno, na yeye anaona mwisho wa kazi.

Kwa asubuhi nzima, chora picha tano kwenye karatasi ya manila: mswaki, beseni la kuogea, sare, kikombe cha uji, begi. Bandika mlangoni kwa urefu wa macho yake, siyo yako. Si lazima uwe mchoraji, mradi yeye mwenyewe aitambue picha. Akimaliza kimoja anabana kibanio cha nguo kwenye kinachofuata. Wewe unabaki na kazi moja tu, ya kuuliza, "Kibanio kiko wapi sasa?"

5. Kinyozi, Jumanne saa nne asubuhi

Usimpeleke mkesha wa Idi wala wa Krismasi. Foleni, redio, mashine tatu zinaunguruma kwa wakati mmoja, hapo hata mtu mzima anachoka. Mpeleke siku za likizo katikati ya wiki, asubuhi, saluni ikiwa tupu. Mwombe kinyozi amwache mtoto aishike mashine ikiwa imezimwa, kisha yeye kinyozi aiwashe mbali, kisha aigusishe mgongoni mwa mkono wako wewe kwanza. Kama bado hataki, mkasi upo. Ukimpata kinyozi mwenye subira, mng'ang'anie huyohuyo na umlipe vizuri.

6. Harusini, kaeni karibu na mlango

Si lazima mjifungie ndani miaka kumi. Nendeni mapema, kabla spika hazijafunguliwa mpaka mwisho, msalimiane, mtoto auone ukumbi ukiwa mtulivu. Keti mbali na spika na karibu na mlango. Kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi huuzwa vile vizuia-kelele vinavyovaliwa na mafundi wanaokata chuma. Vipo vya bei nafuu na vinafanya kazi nzuri. Hakikisha tu vinamkaa kichwani vizuri. Chakula mbebee anachokijua, mchuzi usigusane na wali kama ndivyo anavyopenda. Na mkubaliane ishara ya kuondoka: akikushika sikio, mnatoka nje dakika kumi, bila mahojiano. Mkikaa saa moja mkaondoka wote mnacheka, sherehe mmeila.

7. Anasoma polepole? Mkatie dirisha

Hapa tukae kidogo, maana watoto wengi wanaoitwa wavivu wako hapa. Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa: ba, be, bi, bo, bu. Kwa sababu hiyo mtoto mwenye disleksia anaweza kujikongoja mpaka akazimaliza silabi zote, asikosee sana, akaonekana anajua. Ila anakwenda taratibu mno, na akifika mwisho wa sentensi ameshasahau mwanzo wake. Mwalimu mwenye watoto themanini darasani atalionaje hilo? Kisha anaingia sekondari, masomo yanageuka Kiingereza, lugha ambayo herufi zilezile hutamkwa hivi hapa na vile pale. Mtoto aliyekuwa wa wastani anaporomoka, na nyumbani tunasema balehe imemharibu.

Angalia mapema. Anachanganya b na d hata baada ya darasa la pili? Anakueleza hadithi nzuri kwa mdomo lakini kuiandika ni mistari miwili? Anaumwa tumbo kila siku ya imla? Chukua kipande cha boksi au kadi, ukate dirisha jembamba linaloonyesha mstari mmoja tu wa kitabu. Macho yake hayatapotea kwenye ukurasa mzima. Someni kwa zamu, wewe mstari, yeye mstari, dakika kumi, mwisho. Herufi b na d aziandike kubwa kwa kidole kwenye mchanga au kwenye unga uliotandazwa kwenye sinia, huku akizitamka. Kazi ya sayansi au historia msomee wewe, yeye ajibu kwa mdomo kwanza. Unachopima hapo ni sayansi, siyo kusoma. Na tafadhali, asisomeshwe kwa sauti mbele ya wadogo zake wanaomcheka.

8. Simu yako ndiyo shahidi

Ukifika kwa daktari mtoto anatulia tuli, anatabasamu, na wewe unaonekana mzushi. Dawa yake ni video fupi. Rekodi kinachokutia wasiwasi kikitokea nyumbani, andika na tarehe na saa. Itamsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa. Video hiyo ni ya daktari tu, isiende kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Mchunguze hasa mtoto "anayeota ndoto za mchana". Kuna kifafa ambacho mtu haanguki wala hatoi povu: mtoto anakatika ghafla katikati ya sentensi, anakodoa au kupepesa macho sekunde chache, kisha anaendelea kama hakuna kilichotokea. Mwite na umguse bega. Aliyezama kwenye mawazo kwa kawaida atashtuka, ila aliye kwenye kifafa hiki hatakusikia mpaka kiishe. Ukiwa na shaka, nenda hospitali, kwani dawa zake zipo na watoto wengi hutulia nazo.

Na kabla ya jina lolote kubwa, omba apimwe masikio na macho. Mtoto asiyesikia vizuri naye haitiki akiitwa. Anzia kituo cha afya kilicho karibu, omba rufaa kwa daktari wa watoto kwenye hospitali kubwa ya kwenu, iwe Muhimbili, KCMC ya Moshi au Bugando ya Mwanza. Wasomaji wa Kenya mna vituo vya EARC tangu mwaka 1984, vinavyompima mtoto na kumshauri mzazi kuhusu shule.

9. Barua ya nusu ukurasa kwa mwalimu

Usisubiri kuitwa shule. Wiki ya kwanza ya muhula andika nusu ukurasa, siyo zaidi, maana mwalimu ana daftari themanini za kusahihisha. Sehemu tatu tu: anachokiweza, kinachomzidi, kinachomsaidia. Mfano: "Anahesabu vizuri sana. Kengele ikilia karibu anaogopa. Akikaa mbele, mbali na dirisha, na akaruhusiwa kutoka kuwapelekea chaki walimu wengine, anatulia." Angalia hilo la chaki. Mtoto mwenye ADHD anahitaji kutembea, na akitumwa anatembea kwa heshima badala ya kuadhibiwa. Zungumza na mwalimu wazi pia kuhusu fimbo: mwambie kwamba kwa mtoto huyu haifundishi, inamtia hofu tu, na kesho itakuwa ngumu zaidi.

Uliza kama shuleni au shule jirani kuna mwalimu aliyesomea elimu maalumu. Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, kinawaandaa walimu wa namna hiyo. Ukiambiwa "huyu si wa hapa", itaje kwa upole Sheria ya Tanzania ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayomlinda mwanao katika haki ya kusoma. Halafu mitihani ya taifa: Baraza la Mitihani huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu, lakini shule ndiyo inayopeleka taarifa hizo wakati wa usajili. Kwa hiyo muulize mwalimu mkuu mapema, kabla ya mwaka wa mtihani, ni karatasi gani ya daktari inayohitajika. Toa nakala mbili, moja ibaki shuleni, nyingine uihifadhi kwenye bahasha moja na cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki.