Kuirejesha Akaunti Iliyofungwa: Tufundishe Chanzo Kabla ya Hatua

Miongoni mwa mambo ambayo mwalimu wa shule ya msingi huulizwa siku hizi na wazazi, na hata na walimu wenzake, ni namna ya kuirejesha akaunti ya mtandao wa kijamii iliyofungwa. Swali hili huja wakati wowote: katika kikao cha wazazi, kituoni mtu akingoja basi, au saa ya mapumziko chai ikiwa bado ya moto. Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwanachuo jinsi ya kulifundisha jambo hili. Aidha, yanakusudia kumweleza kosa nililolifanya mimi mwenyewe nilipolifundisha kwa mara ya kwanza, ili asilirudie.

Kosa langu lilikuwa hili. Niliandika ubaoni hatua tisa: bonyeza hapa, chagua pale, andika namba, na kadhalika mpaka ya tisa. Wanachuo walinakili barabara, nami nikaridhika kwamba somo limefundishwa.

Muhula uliofuata, mwanachuo mmoja aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha alirudi chuoni akilia. Huko shuleni alikuwa ameanzisha kundi la WhatsApp la wazazi wa Darasa la Nne, na wazazi walikwisha mzoea na kumwamini. Lakini katika simu yake alikuwa ameweka programu ya kuigiza WhatsApp, ambayo haikutengenezwa na kampuni yenyewe, kwa kuwa ilikuwa na rangi za kupendeza na ilimwezesha kusoma ujumbe ambao mwenyewe ameufuta. Siku moja akaunti ikafungwa, na kwenye kioo cha simu yakaonekana maneno ya kusema kwamba amefungiwa kwa muda, pamoja na saa zilizokuwa zikihesabiwa kurudi nyuma. Dawa yake ilikuwa nyepesi: kuiondoa programu ile, kuweka iliyo halali, na kungoja saa zimalizike.

Yeye alifungua daftari. Hakuna hata hatua moja kati ya zile tisa iliyofanana na alichokiona mbele yake. Basi akamtafuta mtu aliyejiita fundi, ambaye hakupata kuonana naye uso kwa uso. Fundi huyo alidai shilingi 20,000, na tena akaomba asomewe namba sita ambazo zingeingia katika simu kwa ujumbe mfupi. Alisomewa. Jioni ile ile wazazi wa Darasa la Nne waliandikiwa, kwa jina la mwalimu wao, kwamba watume fedha za mitihani ya majaribio kwenye namba fulani. Wazazi wanne walikwisha tuma kabla Mwalimu Mkuu hajapata habari.

Siwezi kumlaumu tapeli peke yake. Hatua zangu tisa zilikuwa za mtu aliyesahau neno la siri, nami niliwapa watu wote, kama mganga wa zahanati agawaye dawa ya aina moja kwa kila asemaye kichwa kinamwuma. Isitoshe, kampuni hubadilisha vitufe vyao mara kwa mara, na daftari la mwaka jana huwa limechakaa mwaka huu. Lakini sababu za akaunti kufungwa hazibadiliki upesi. Kwa hiyo tangu wakati huo naanza somo kwa swali moja tu, ambalo huliandika juu kabisa ya ubao: Ni mlango gani uliofungwa?

Mlango wa kwanza si wa mwenye akaunti hata kidogo. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa muda wa saa sita hivi kwa sababu ya hitilafu ya kampuni yenyewe. Watu wengi walidhani wamefungiwa, na kuna waliofuta programu na kuziweka upya bila faida yoyote. Vilevile serikali yaweza kuuzuia mtandao nchini mwake, kama Uganda ilivyoizuia Facebook Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi. Katika hali hiyo hakuna akaunti ya kurejeshwa. Mwulize jirani kama yake inafanya kazi. Ikiwa nayo imekufa, weka simu mfukoni.

Mlango wa pili umefungwa kwa sababu mwenyewe amepoteza ufunguo: amesahau neno la siri, au ameibiwa simu, au laini yake imekufa. Hapa kampuni haina ugomvi naye. Inataka kujua tu kama ndiye. Njia hupitia namba ya simu au anwani ya barua pepe aliyoiandikisha. Ndipo linapozuka tatizo ambalo katika mazingira yetu ni kubwa kuliko mtu afikirivyo. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza nchini mwaka 2019, laini iliyopotea hurudishwa kwa yule aliyeisajili. Ikiwa laini yako ilisajiliwa na mjomba, basi ufunguo wa akaunti yako uko katika kidole cha mjomba, na kama mjomba yuko Tunduru utangoja mpaka mjomba apate nafasi. Ndugu mwanachuo, kabla ya kuwafundisha wengine, hakikisha laini yako ni yako.

Mlango wa tatu umefungwa na mwizi. Ameingia, amebadilisha kufuli, naye sasa anasema kwa sauti yako. Hapa haraka inahitajika. Kwa WhatsApp, mwenyewe huandikisha namba yake upya katika simu yake, akaingiza namba sita zilizoletwa na ujumbe mfupi, na papo hapo mwizi hutolewa nje. Kama mwizi aliwahi kuweka namba ya siri ya ziada, mwenyewe hataweza kuingia mpaka siku 7 zipite. Hata hivyo mwizi naye hayumo tena. Jambo hili lafaa lielezwe vizuri, kwa maana yule mwanachuo wetu alipoombwa namba ya siri asiyoijua alidhani ameshindwa, kumbe alikuwa amekwisha shinda. Katika siku zile 7 wazazi waliarifiwa kwa barua ya Mwalimu Mkuu, iliyochukuliwa na watoto mikononi, kama zamani.

Kwa Facebook kuna ukurasa maalumu wa walioingiliwa, facebook.com/hacked, na ni bora kuufungua kwa simu ile ile uliyozoea kuitumia, kwa kuwa kampuni huitambua. Tena mwizi abadilishapo anwani ya barua pepe, kampuni hutuma taarifa kwenye anwani ya zamani, na ndani yake mna kiungo cha kutengua badiliko hilo. Kwa sababu hiyo barua pepe ndiyo mzizi: badilisha kwanza neno la siri la barua pepe, ndipo ushughulikie mengine.

Mlango wa nne umefungwa na kampuni yenyewe, kwa madai kwamba sheria zake zimevunjwa. Huu ndio unaohitaji kufundishwa kwa utulivu. Kuna kuzuiwa kwa muda, ambapo mtu husoma lakini haandiki, na kuna kufungiwa kabisa. Aliyezuiwa kwa muda aweza kungoja. Aliyefungiwa kabisa na Facebook ana siku 180 za kukata rufaa. Zikipita bila rufaa, akaunti haitarudi tena. Wako watu waliokata tamaa wiki ya kwanza, wakafungua akaunti nyingine, na ile ya kwanza yenye picha za harusi na za marehemu wazazi wao ikapotea hivi hivi, ilhali walikuwa na karibu nusu mwaka wa kujitetea.

Rufaa ni barua rasmi, na hapa somo letu linaingia katika Kiswahili. Wanachuo wengi huandika rufaa kwa hasira au kwa kuomba huruma. Msomaji wa kwanza mara nyingi ni mashine, wa pili ni mtu mwenye kazi nyingi asiyekujua. Hasira haimhusu, na huruma hana wakati nayo. Anachohitaji ni habari: wewe ni nani, ulifungiwa lini, unadaiwa kufanya nini, na kwa nini dai hilo si sahihi. Nitatoa mfano niliouandika kwa ajili ya darasa. Tuchukue kwamba mtu amemwandikia mtani wake, "Leo tunakuzika, sanda tumekwisha nunua," akafungiwa kwa kutishia maisha ya mtu. Rufaa yake yaweza kuwa hivi:

"Akaunti yangu ilifungwa tarehe 3 Machi kwa madai ya kumtishia mtu. Maneno niliyoandika ni utani wa jadi baina ya Wanyamwezi na Wazaramo, ambao huruhusu mizaha juu ya kifo na mazishi. Niliyemwandikia ni mtani wangu, naye alinijibu kwa utani vilevile. Naomba maneno yangu yasomwe pamoja na jibu lake. Jina na tarehe ya kuzaliwa katika akaunti ni sawa na zilizomo katika kitambulisho nilichoambatanisha."

Sentensi tano zatosha. Ile ya mwisho ndiyo huwaponza vijana wetu, maana kitambulisho hakiwezi kumtetea mtu aliyejiita Mtoto wa Mjini na kusema amezaliwa tarehe 1 Januari 1905. Yafaa kuyasahihisha mambo hayo akaunti ikiwa bado wazi.

Tena mkata rufaa ana haki ya kuuliza ni sheria ipi na kwa muda gani. Swali hilo si dogo. Januari 2021 Facebook ilimfungia Donald Trump, aliyekuwa Rais wa Marekani wakati huo. Mwezi Mei mwaka huo Bodi ya Uangalizi, iliyoundwa kusikiliza rufaa dhidi ya kampuni hiyo, ilikubali kwamba kulikuwa na sababu ya kumfungia, lakini ikailaumu kampuni kwa kumfungia bila kutaja muda. Kampuni ikalazimika kutaja: miaka miwili, na akaunti ikarudishwa mwanzoni mwa 2023. Sikusudii kuzungumzia siasa za mtu huyo. Nataka mwanachuo aone kwamba hoja iliyofaulu ilihusu utaratibu, wala haikuwa ya kumsifu mfungiwa.

Sasa tuje darasani. Wanafunzi wa shule ya msingi wengi hawajafikia umri wa miaka 13, ambao ndio wa chini kabisa kwa Facebook, Instagram na WhatsApp. Akaunti ya mtoto ikifungwa kwa sababu hiyo, mwalimu asimsaidie kudanganya umri, angoje akue. Basi kwa nini tuwafundishe? Kwa sababu simu ya nyumbani imo mikononi mwao. Mama anapika, simu inalia, mtoto ndiye asomaye ujumbe. Tapeli anapopiga na kuomba namba sita, mara nyingi anayemsomea ni mtoto wa Darasa la Tano, tena kwa adabu njema tuliyomfundisha sisi ya kumtii mtu mzima.

Hivyo shabaha ya somo iwe kwamba mwanafunzi aweze kutambua mlango uliofungwa, na aweze kukataa kwa adabu kumsomea mtu namba ya uthibitisho. Simu haihitajiki. Kata manila vipande vya ukubwa wa simu, na katika kila kimoja andika maneno kama yaonekanavyo kwenye kioo: "Neno la siri si sahihi", "Anwani yako ya barua pepe imebadilishwa", "Umezuiwa kuandika kwa siku 3", "Hakuna mtandao." Vikundi vya watoto watano watano wapange vipande hivyo chini ya milango minne iliyochorwa ubaoni, na kila kikundi kieleze sababu. Usiwasahihishe upesi, kipande cha "Hakuna mtandao" huleta ubishi mzuri sana. Kazi hii huchukua dakika 20 kati ya 40 za kipindi.

Zinazobaki ni za igizo. Mmoja ni tapeli, mmoja ni mtoto aliyeachiwa simu. Tahadhari: watoto hupenda mno nafasi ya tapeli, na nimewahi kukutana na tapeli wa miaka 11 aliyetushinda sote, mimi nikiwamo, kwa kujifanya daktari aliyeko hospitalini na mgonjwa. Mwache amalize, kisha darasa litafute ni neno gani lililomfanya mwenzao alegee. Baada ya hapo igizo lirudiwe, na safari hii mtoto ajibu: "Shikamoo. Namba hiyo sisomi. Mama akirudi nitamwambia umepiga."

Nilipolijaribu somo hili katika shule ya mazoezi, msichana mmoja aliuliza: je, kama anayeomba namba ni baba mwenyewe, yuko safarini, na simu ni yake? Sikuwa na jibu katika andalio langu. Tulilijadili mpaka kengele ikalia, na darasa likaamua kwamba mtoto akate simu, kisha ampigie baba kwa namba ile anayoijua siku zote, na amsomee tu kama sauti ni ya baba. Tangu siku hiyo nimeongeza kipande kimoja cha manila chenye neno "Baba".