Somo la Kilimo: Je, Chema Chajiuza?

Wahenga walisema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Nami niliamini hivyo mpaka siku niliyofuatana na mama kupeleka karoti sokoni Morogoro. Mama hulima katika mteremko wa milima ya Uluguru kwa samadi na mboji, wala hatii dawa ya kiwandani hata tone. Mnunuzi mmoja alizitazama karoti zetu, akacheka, akasema, "Mama, kila mtu husema hivyo." Tukauza kwa bei ya wote, tukarudi kimya.

Kosa lilikuwa la nani? Nimefikiri sana, nami naona mnunuzi hakukosa. Dawa haionekani kwa macho, wala karoti haina kinywa cha kujieleza. Barabara peke yake haimwunganishi mkulima na mnunuzi. Sharti pawe na uthibitisho.

Uthibitisho huo hupatikanaje? Mwaka 2007 nchi za Afrika Mashariki zilikubali kanuni moja ya mazao ya kilimo hai, pamoja na alama yake iitwayo Kilimohai. Ziko njia mbili. Ya kwanza ni kukaguliwa na shirika maalumu. Hiyo ndiyo itakiwayo kwa mazao yapelekwayo Ulaya, na gharama yake ni kubwa. Ya pili ni ya kikundi: wakulima hukaguana wao kwa wao, na kila mmoja huandika katika daftari alichopanda, mbolea aliyotia na kiasi alichouza. Njia hii yafaa kwa soko la karibu.

Mama alijiunga na kikundi. Wakaguzi walipofika walimkuta akitia karoti katika mfuko uliokuwa wa mbolea ya chumvichumvi. Wakamwandikia kosa. Mama aliona haya, maana aliyeandika ni jirani yake mwenyewe. Lakini mfuko aliutupa, na alipokaguliwa mara ya pili alifaulu. Kama jirani angemficha, alama ile ingekuwa picha tupu.

Sasa tufanye hesabu. Hoteli moja mjini ilitaka kilo 40 za karoti kila juma. Mama peke yake hupata kilo 4 tu. Wanachama 10, kila mmoja akitoa kilo 4, wametimiza. Lakini wakipanda zote siku moja, zitakomaa pamoja, na juma lifuatalo hapana kitu. Kwa hiyo kila mmoja hupanda tuta moja kila juma, na bei hupatanwa na kuandikwa kabla ya mbegu kuingia ardhini.

Vijana wenzangu, wengi wetu ni watoto wa wakulima, nasi tunajua kuandika na kuhesabu. Wakati wa likizo daftari la mama naliandika mimi. Naam, chema chajiuza, lakini sharti kwanza kijulikane.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu