JE, SAFARI YA INJILI IKIKWAMA, NI SHETANI?



Karatasi hii huenda umepewa mkutanoni, umesimama kwenye vumbi unangoja. Bango kule barabarani lina jina la mhubiri kutoka nchi ya mbali, na picha yake ipo. Leo ni siku ya pili, na jukwaani anasimama mwinjilisti wa hapahapa unayemjua tangu utoto. Mwenye kipaza sauti ametangaza kwamba mgeni amepata matatizo ya usafiri. Watu wanaguna. Mmoja anasema shetani ameuzuia mkutano. Mwingine anasema, kama kweli Mungu alimtuma, mbona ndege imemwacha?

Au labda wewe ndiwe mgeni mwenyewe. Umekaa kwenye kiti cha chuma kiwanja cha ndege, saa nane za usiku, uko na timu ya watu tisa. Ubao unaonyesha safari yenu imefutwa. Mwenyeji anapiga simu na hujui umwambie nini. Kanisa lilichanga kwa miezi mingi, akina mama waliuza maandazi ili nauli itimie. Sasa utafanyaje?

Somo hili ni lenu wote wawili. Chukua Biblia yako, fungua Matendo ya Mitume sura ya 27, weka kidole hapo. Tutaifikia.

PAULO NAYE ALIZUIWA, TENA MARA NYINGI

Wapendwa wengi tumezoea jibu moja. Gari likiharibika, shetani. Viza ikikataliwa, shetani. Ndege ikichelewa, shetani, na papo hapo tunaanza kukemea mbele ya kaunta mpaka walinzi wanageuka kutazama. Hebu tumwangalie mtume Paulo, kwa maana hakuna mtu katika Agano Jipya aliyesumbuliwa na safari kama yeye. Mwenyewe anaandika kwamba alivunjikiwa merikebu mara tatu (2 Kor. 11:25), na hapo bado hajapanda ile ya kwenda Rumi!

Paulo alizuiwa kwenda Thesalonike, na anasema wazi aliyemzuia ni Shetani (1 Thes. 2:18). Kwa hiyo usimcheke mtu anayesema adui hupinga Injili. Anapinga. Lakini tazama Paulo alifanya nini: sura ya 3 inasema alimtuma Timotheo. Mlango ulifungwa kwake, kijana akapita.

Mahali pengine alizuiwa kuhubiri Asia, kisha akajaribu kwenda Bithinia, napo akazuiwa. Nani alimzuia? Roho Mtakatifu! (Mdo. 16:6-7). Mpendwa, fikiria Paulo angeanza kukemea pale. Angekuwa anamkemea nani? Mlango wa Bithinia ulipofungwa ndipo alipofika Troa, akavuka bahari mpaka Filipi, kwa Lidia na mlinzi wa gereza.

Tena kuna kuzuiwa kwa namna ya tatu. Kwa Warumi aliandika kwamba alikuwa amekusudia mara nyingi kwenda kwao na hakuweza (Rum. 1:13), na katika sura ya 15 anaeleza sababu: kazi. Alikuwa anahubiri mahali ambapo Kristo hajatajwa, na kazi hiyo ikamshika. Na alipoona bado hafiki, akaandika barua. Waraka kwa Warumi, ambao wewe na mimi tunautumia kumwonyesha mtu njia ya wokovu, ni barua ya mhubiri ambaye alikuwa bado hajafika!

Sasa njoo pale ulipoweka kidole. Safari yenyewe ya Rumi. Soma sura yote ya 27, mistari 44, utafute jina la Shetani. Hulioni. Unaona nini? Unaona upepo wa mbisho. Unaona msimu umepita, siku ya kufunga imekwisha, bahari imeanza kuwa ya hatari. Unaona akida anawasikiliza nahodha na mwenye merikebu kuliko Paulo. Upepo, majira, na uamuzi wa wakubwa. Basi. Na hata hivyo Mungu alikuwa amekwisha kumwambia Paulo kwamba atafika Rumi.

NDEGE NAYO INA SABABU ZAKE

Ndege moja hufanya safari kadhaa kwa siku. Ikichelewa asubuhi kwa ajili ya ukungu, wewe wa jioni unalipia, hata kama kwenu jua linawaka. Marubani wana saa za kazi zilizowekwa kwa sheria. Zikiisha, hawaruhusiwi kurusha, hata abiria wote wakinena kwa lugha.

Tena kuna mambo makubwa kuliko shirika lolote la ndege. Mwezi wa Aprili 2010 volkano ya Eyjafjallajökull huko Iceland ilitoa majivu yaliyofunga anga la sehemu kubwa ya Ulaya kwa siku kama sita. Safari karibu 100,000 zilifutwa, abiria wapatao milioni 10 wakakwama, na wakulima wa Kenya wakatupa maua yaliyokosa ndege ya kuyapeleka sokoni. Huku kwetu, Januari 2002, mlima Nyiragongo ulimwaga lava mpaka ikafunika sehemu ya njia ya kurukia ndege ya Goma. Tarehe 7 Agosti 2013 moto uliteketeza sehemu ya kufikia wageni wa kimataifa katika kiwanja cha Jomo Kenyatta, Nairobi, na ndege zikapelekwa kwingine. Machi 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, Kenya ilisimamisha safari za kimataifa za abiria, zikarudi tarehe 1 Agosti. Mikutano mingapi ilikwama katika miezi hiyo!

Je, ungependa ndege iruke tu? Sikiliza. Tarehe 24 Juni 1982 ndege ya British Airways yenye watu 263 iliingia usiku katika majivu ya mlima Galunggung, kule Java. Majivu ya volkano huyeyuka katika joto la injini na kuganda ndani kama kioo. Injini zote nne zilizimika. Ndege ikashuka ikielea gizani mpaka ilipotoka kwenye wingu lile, injini zikawaka tena, wakatua Jakarta salama. Ndiyo maana siku hizi majivu yakionekana, wanafunga anga. Yule anayekuambia "leo hatuondoki" huenda ndiye malaika wako wa siku hiyo, naye wala hajui.

Kwa hiyo, uliyekwama, usifanye haraka kuipa safari yako jina la pepo. Omba, ndiyo. Omba sana. Lakini mwulize Bwana, "Nifanye nini hapa?" kabla hujaanza kutangaza ni nani aliyekuzuia.

ALICHOFANYA PAULO MELINI

Kwanza, alisema kweli hakusikilizwa, wala hakununa. Aliwakumbusha mara moja tu kwamba wangemsikiliza wasingepata hasara ile, kisha akaenda moja kwa moja kwenye kutia moyo. Kiongozi wa timu, shika hilo! Kuna ndugu kwenye timu aliyesema tangu mwanzo, "Tusafiri siku moja mapema." Yeye asilirudie mara ishirini, na wewe usimkasirikie kwa kuwa alisema kweli.

Pili, aliwalisha watu. Hapa napenda sana. Siku ya kumi na nne, watu 276 hawajala, wamekata tamaa. Paulo hakutangaza mfungo mwingine. Aliwasihi wale, akatwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele ya wote, akaanza kula yeye. Nimeona viongozi wakitangaza maombi ya kufunga palepale kwenye viti vya kusubiri, huku mama mmoja mzee wa timu ana sukari na mikono inamtetemeka. Huo si ushujaa wa kiroho. Mtafutie chai na mkate.

Tatu, hakuruhusu watu kutoroka wengine wakaachwa. Mabaharia walitaka kushuka na mashua kwa siri, Paulo akamwambia akida. Mkikwama, mtaambiwa zipo nafasi mbili kwenye ndege ya alfajiri. Nani aende? Mara nyingi mchungaji ndiye anayeingia, wanakwaya wanabaki na mabegi. Wakati mwingine ni sawa, mkutano unamhitaji. Lakini isemwe wazi mbele ya wote, waombe pamoja, na fedha za chakula zibaki kwa wanaobaki.

Na Melita? Miezi mitatu walikaa pale. Baba yake Publio alikuwa kitandani, ana homa na tumbo la kuhara damu. Paulo aliingia, akaomba, akaweka mikono, mtu akapona. Melita haikuwa kwenye ratiba yake. Hakuna kamati iliyoandaa mkutano Melita.

YULE DADA WA KAUNTA

Sasa nakuuliza wewe unayesafiri kwenda kuokoa roho za watu: yule dada anayevaa sare, aliyesimama tangu saa kumi na mbili asubuhi akitukanwa na abiria 150, yeye hana roho? Umevuka mipaka miwili kuwatafuta waliopotea, na huyu aliye mbele yako unampigia kelele "sisi ni watumishi wa Mungu!" Akikumbuka jina la Yesu baadaye, atalikumbuka kwa sauti yako ile.

Halafu kuna majaribu yanayokuja kimyakimya. Mtu anakunong'oneza kwamba ukitoa chai kidogo utapata nafasi. Nafasi hiyo ni ya mtu, ndugu. Labda ni ya mwanamke anayewahi mazishi ya baba yake. Au unashawishika kusema mmoja wenu ni mgonjwa mahututi ili mpandishwe. Na jioni utasimama jukwaani kuhubiri utakatifu? Usidanganye, hata kama watu elfu kumi wanakungoja uwanjani.

Lakini kudai haki si dhambi. Paulo aliuliza kwa utulivu kama ni halali kumpiga mijeledi raia wa Rumi (Mdo. 22:25), tena alikata rufani kwa Kaisari. Wewe nawe uliza kwa adabu: tutalala wapi, tutakula nini, tutaondoka na ndege ipi? Omba jibu kwa maandishi. Tunza risiti zote. Upo mkataba wa kimataifa wa Montreal wa mwaka 1999, na Tanzania na Kenya zimo. Kwa safari za nchi hadi nchi zinazohusika, begi likifika limeharibika andika malamiko ndani ya siku 7; likichelewa, ndani ya siku 21 tangu ulipolipokea. Na usitoke kiwanjani kabla hujajaza fomu ya mzigo uliopotea, ukapewa nakala.

Mengine ni ya kufanya kabla ya kuondoka. Panga kufika angalau siku moja kabla ya mkutano. Tiketi za safari nzima zikiwa pamoja, ndege ya kwanza ikichelewa ukaikosa ya pili, shirika lina wajibu wa kukutafutia nyingine. Ukinunua mbilimbili kwa bei ya chini, ile ya pili inaweza kuondoka bila wewe na hakuna wa kumlalamikia. Tena usiruke kipande cha kwanza ukadhani utapandia njiani, kwa kawaida watafuta na vilivyobaki. Chanjo ya homa ya manjano huanza kukubalika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo usingoje wiki ya safari. Dawa, Biblia, pasipoti na namba ya mwenyeji vikae kwenye mkoba wa mkononi, na namba hiyo iandikwe pia kwenye karatasi, maana simu huzima chaji.

MKUTANO ULIOENDELEA BILA WAGENI

Niliwahi kusafiri na timu iliyokwama njiani siku mbili na nusu. Tulifika mkutano ukiwa siku ya nne. Kumbe wenyeji walianza bila sisi! Mwinjilisti wao, fundi baiskeli, alihubiri siku zote tatu kwa kipaza sauti kilichokuwa kinakatikakatika, na watu walikuwa wameshaokoka, majina yameandikwa kwenye daftari. Ndugu mmoja katika timu yetu alikunja uso. Alikuwa amekesha akiomba kwamba kazi ya Mungu isikwame, na haikukwama, lakini yeye hakufurahi.

Chunguza moyo wako hapo, mtumishi. Ulilia kwa sababu Injili imezuiwa, au kwa sababu jina lililo kwenye bango ni lako?

Nawe uliyepewa karatasi hii, ukiwa hujaokoka, usiseme nitangoje mgeni afike ndipo niende mbele. Fundi baiskeli anatosha. Yesu anayehubiriwa ni yuleyule. Nenda leo, tubu, mwambie akuombee.

Na ninyi wenyeji, someni Matendo 28:15. Ndugu wa Rumi waliposikia Paulo yuko njiani, walitoka kumlaki mpaka Soko la Apio na Mikahawa Mitatu. Soko la Apio liko zaidi ya kilomita 60 kutoka Rumi, na hawakuwa na basi. Paulo alipowaona akamshukuru Mungu, moyo ukamrudia. Kwa hiyo mgeni wenu akishuka kesho, amechoka, begi halijulikani liliko, swali la kwanza lisiwe "mbona umechelewa?" Mchemshieni maji ya kuoga, mmtafutie shati la kuazima, mwacheni ale. Mkutano ni saa kumi jioni.