Silaha Katika Mizigo ya Ndege: Somo kwa Wafanyakazi



Huenda baadhi yetu watauliza: bunduki na ndege vinatuhusu nini sisi wa mashamba ya chai na viwanda vya sukari? Vinatuhusu. Miongoni mwetu wamo walinzi wa usiku wanaoshika bunduki za mwajiri. Wamo madereva wanaotumwa kupeleka masanduku kiwanja cha ndege. Wamo pia wenzetu wapakiaji, ambao huinua mizigo hiyo kwa mikono yao. Sanduku likikamatwa, anayeulizwa kwanza ni yule aliyelishika, si yule aliyelituma.

Sheria yasemaje?

Mwaka 1974 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) lilipitisha kanuni za ulinzi wa ndege, ambazo zimerekebishwa mara nyingi tangu wakati huo. Abiria wa kawaida haruhusiwi kukaa na silaha ndani ya ndege. Ikikubaliwa kusafiri, huwekwa mahali ambapo hakuna awezaye kuifikia ndege ikiwa angani, na ni lazima kwanza mtu mwenye idhini na ujuzi ahakikishe kuwa haina risasi.

Kwa kawaida taratibu ni hizi:

1. Mwenye silaha awe na leseni yake, pamoja na vibali vya nchi anayotoka na anayokwenda. Asidhani kuwa leseni ya kwao yatosha kuvusha mpaka.

2. Apate kibali cha shirika la ndege kabla ya safari, na aitaje silaha mezani anapokabidhi mizigo. Asingoje kuulizwa.

3. Bunduki isiwe na risasi hata moja, na ifungwe katika sanduku gumu lenye kufuli.

4. Risasi zifungwe imara. Kanuni za mashirika ya ndege haziruhusu zaidi ya kilo 5 kwa abiria mmoja, tena kwa matumizi yake mwenyewe. Wawili hawawezi kuunganisha kilo zao. Risasi za kulipuka au kuwasha moto ni marufuku.

Masharti haya si usumbufu. Sanduku hutupwa, huangushwa na kupangwa juu ya mengine. Risasi iliyosahauliwa ndani ya bunduki yaweza kumuua mpakiaji kabla ndege haijaondoka. Na usahaulifu si jambo la nadra. Nchini Marekani, mwaka 2024, wakaguzi walikamata bunduki na bastola 6,678 kwenye milango ya ukaguzi wa abiria, na kiasi cha 94 kwa mia zilikuwa na risasi ndani.

Mifano miwili

Tarehe 6 Januari 2017 abiria mmoja alishuka Fort Lauderdale, Marekani. Bastola yake ilisafiri kihalali: aliitaja, na ilifungwa katika sanduku. Alipokabidhiwa mzigo wake aliingia chooni, akaitia risasi, akatoka na kuua watu 5 pale pale wanapongojea mizigo. Sheria ilikuwa imeilinda ndege, lakini haikuwalinda waliokuwa chini.

Mfano wa pili ni wa tarehe 7 Desemba 1987, huko California. Mfanyakazi aliyefukuzwa kazi na shirika la ndege aliingia ndani ya ndege na bastola aliyoazima kwa mwenzake. Kitambulisho chake cha kazi kilikuwa hakijachukuliwa, naye hakupekuliwa. Ndege ilianguka, wakafa watu wote 43. Baadaye wafanyakazi wa ndege nao walianza kukaguliwa.

Tujifunze nini?

Tusibebe sanduku tusilolifungua wenyewe, hata akilituma meneja. Mlinzi asikubali kusafiri na bunduki ya kampuni bila vibali kwa maandishi, wala asimwazime mtu silaha, hata rafiki. Mpakiaji adai kuelezwa yaliyomo katika mzigo wa hatari. Hiyo ni haki yake ya usalama kazini. Na tukikaguliwa langoni, tudai wakubwa nao wakaguliwe, lakini tusipinge ukaguzi wenyewe.

Maswali ya kujadili tawini

1. Mwajiri akikuamuru kupeleka silaha bila karatasi, utamjibu nini, na tawi litakusaidiaje?

2. Mahali petu pa kazi, nani hutunza ufunguo wa chumba cha silaha, na nani humkagua?