Dondoo muhimu: Kunenepa na kujenga misuli kwa pesa ya mwanafunzi

Umepanga geto Kasekese na mfukoni pamekauka? Misuli haidai unga wa protini wa kopo.

• Karanga: Gramu 100 zina protini takriban gramu 25. Tafuna konzi moja mapumziko. Nyingine zisage, koroga kwenye uji.

• Dagaa wakavu wa Ziwa Tanganyika: Changa na wenzako mnunue kwa kisado. Chambua, osha mchanga, kaanga na nyanya.

• Maharage: Loweka usiku kucha, yataiva upesi, mkaa utabaki.

• Mazoezi: Mara tatu kwa wiki piga pushapu, kisha chuchumaa na kuinuka umekumbatia dumu la maji la lita 10. Ongeza idadi taratibu.

• Usingizi: Lala kwa muda wa saa nane kila usiku.

• Mizani: Kuongezeka kilo moja kwa mwezi kwatosha. Ukikonda huku unakohoa, nenda zahanati.