Somo la Familia: Jino Lisilongoja Asubuhi

Somo la mwezi huu ni la mwili, kwa sababu wengi wetu tunaketi na meno mabovu tukisema, "Jino haliui." Linaua.

Tuanze kwa kuungama. Ndugu mmoja wa kanisa letu aliumwa na gego la chini. Siku ya tatu shavu likavimba. Tulikwenda kwake, tukaomba, tukaimba, tukarudi nyumbani. Kesho yake uvimbe ulikuwa umeshuka chini ya kidevu, hawezi kumeza mate, ameketi ameinama mbele akitafuta pumzi. Mke wake akatuambia, "Mchungaji, maombi tumepokea. Sasa tutafutieni pikipiki." Alisema kweli. Hospitalini walitoa usaha, wakang'oa jino, akapona. Tulikuwa tumempotezea usiku mzima.

Kwa nini jino liue? Vijidudu hupita kwenye tundu la jino hadi mzizini, na usaha hukusanyika pale. Ukienea chini ya ulimi na shingoni, ulimi husukumwa juu na nyuma, njia ya pumzi ikaziba. Tena tusidanganyike maumivu yakikoma ghafla: huenda mshipa wa fahamu ndani ya jino umekufa, na ugonjwa bado unaendelea.

Nenda mara moja, hata usiku, ukiona haya:

1. Uvimbe unaopanda kuelekea jicho au kushuka chini ya taya na shingoni.

2. Kushindwa kumeza, kupumua kwa shida, sauti kubadilika, au kinywa kukataa kufunguka.

3. Uvimbe pamoja na homa.

4. Damu isiyokoma baada ya kung'olewa jino. Kwanza kunja kitambaa safi, king'ate kwa nguvu dakika 20 bila kuchungulia. Ikiendelea kutoka, nenda.

5. Jino la ukubwani limeng'oka kwa kuanguka au kupigwa. Lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi. Likiwa na uchafu, lisuuze kidogo bila kusugua, lirudishe mahali pake. Ikishindikana liweke ndani ya maziwa. Jitahidi kufika ndani ya saa moja. Jino la utoto halirudishwi.

6. Mtoto dhaifu, hasa mwenye utapiamlo au aliyetoka kuugua surua, akiwa na kidonda kwenye ufizi, damu, harufu mbaya na shavu kuvimba. Huenda ni noma, ugonjwa unaokula nyama ya uso kwa siku chache. Mwezi wa Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Ukiwahiwa kwa antibiotiki na chakula bora, mtoto anaweza kupona.

Jino linalouma bila dalili hizo laweza kungoja siku ya kliniki, lakini lisingoje miezi.

Mambo ya kuacha: kutia asidi ya betri au petroli kwenye tundu, kuweka aspirini juu ya ufizi, maana inauunguza, kupasua uvimbe kwa wembe. Pia akina mama, tuache kuchimba ufizi wa watoto wachanga kwa ajili ya "meno ya plastiki". Yale ni machipukizi ya meno ya kawaida. Mtoto akiwa na homa au kuhara, apelekwe kutibiwa. Kumchimba kunaleta damu nyingi, maambukizo, hata kifo.

Wengine huuliza, je, kwenda hospitali ni kukosa imani? Tumkumbuke Msamaria mwema katika Luka 10. Alifunga majeraha, akampandisha mtu yule juu ya mnyama wake, akamfikisha nyumba ya wageni, akalipa. Huruma yake haikuishia barabarani. Sisi pia tuombe tukiwa njiani.

Maswali ya kujadili nyumbani:

1. Usiku wa manane tutampigia nani simu, na nani ana pikipiki?

2. Kikundi chetu cha maombi kinaweza kuweka akiba gani kwa ajili ya nauli ya mgonjwa?

3. Nani katika nyumba yetu anaficha jino linalouma?

Bwana awalinde. Amina.