Kuotesha Ua la Milimani kwa Mbegu

Katika nyumba za Kaloleni, Jericho na Mbotela, upande wa Eastlands, Nairobi, nafasi ya bustani ni haba. Walakini dirisha moja latosha kwa Saintpaulia, ua dogo la zambarau lenye asili ya Afrika Mashariki. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani, alilipeleka kwao kutoka Usambara. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akaliita kwa jina lake.

Mmea mmoja wa jamaa hiyo, Saintpaulia teitensis, huota penye miamba yenye kivuli katika msitu wa Mbololo, Vilima vya Taita, wala haujulikani kuota porini mahali pengine. Kwa hiyo haifai kuchimba mimea msituni. Yatakiwa ile iliyokuzwa bustanini.

Watu wengi huchomeka jani udongoni likatoa mche. Njia hii ni rahisi, lakini mche huo hufanana na mzazi wake katika yote, hata udhaifu. Miche ya mbegu hutofautiana; ugonjwa ukiuua mmoja, mwingine huenda ukapona.

Kazi yenyewe ni hii:

1. Chukua unga wa manjano wa ua moja, uupake kwenye ncha ya kijiti kilicho katikati ya ua la mmea wa pili. Tunda hukomaa baada ya miezi kadhaa. Lichume likikauka.

2. Toboa kopo chini. Tia mchanga na udongo wa majani yaliyooza, umwagie maji yanayochemka ili kuua kuvu, kisha uache upoe.

3. Mbegu ni ndogo mfano wa vumbi. Zinyunyize juu wala usizifukie, maana zahitaji mwanga. Funika kwa kioo, mbali na jua kali.

4. Simamisha kopo katika sahani ya maji, udongo unywe toka chini. Usiku wa baridi ya Julai, liondoe dirishani.

Mbegu huota baada ya majuma mawili hadi manne. Miche ikishikika kwa vidole, hamisha kila mmoja katika kopo lake. Maua yaweza kuchukua karibu mwaka mzima.

Kopo la dirishani haliwezi kushika mahali pa msitu. Mbololo ukikatwa, hakuna dirisha litakalourudisha.